Kifo cha Pili cha Mzee Ambakisye

Suad alimuua Mzee Ambakisye siku ya Alhamisi asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkono wa kushoto. Hakukusudia. Wala hakuwa akimjua, ila tu jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wanachama wa kijiji cha Mpuguso kwa kuwa linaanza na A. Alilichagua, akabonyeza kitufe, akanywa funda moja, akangoja kompyuta imwambie kama jaribio limefaulu.

Jaribio lilifaulu kupita kiasi. Simu zote za wanachama wa Mpuguso zililia kwa pamoja, na ujumbe ulikuwa huu: "Ushirika wa Lukama unasikitika kutangaza kifo cha mwanachama wetu, Mzee Ambakisye. Kituo cha maziwa kitafungwa kesho. Tukutane msibani."

Marehemu mwenyewe wakati huo alikuwa bondeni, anawakatia ng'ombe wake majani. Simu ameiacha nyumbani inachajiwa.

Sasa, kabla hujamhukumu binti wa watu, msikilize kwanza. Suad ni mtoto wa Hafidhi, yule fundi cherehani wa Msasani, si ile ya Dar bali hii ya huku milimani, ambaye babu yake alipanda kutoka Kilwa na mashine ya kushonea, akaonja ndizi za Tukuyu, akasahau njia ya kurudi. Nyuma ya duka la Hafidhi kuna chumba chenye meza mbili, na humo ndimo Suad na mwenzake Isakwisa walimokuwa wakitengeneza programu. Walisoma pamoja chuoni Mbeya. Wenzao walikimbilia Dar. Wao wakarudi, Suad kwa sababu aliamini kazi hii inaweza kufanyika hapahapa, Isakwisa kwa sababu aliamini lolote Suad aliloamini.

Mteja wao alikuwa mmoja tu, Ushirika wa Lukama. Lukama ni maziwa kwa Kinyakyusa. Asubuhi wafugaji wanapeleka maziwa kituoni, mpokeaji anapima, anaingiza kwenye simu, na taarifa zinapanda hadi kwenye seva za mbali, huko wanakokuita kwenye wingu. Mtu wa Tukuyu ukimwambia vitu vyake vinatunzwa kwenye wingu atakucheka, maana wingu analijua vizuri. Linaingia dirishani bila hodi na kulowesha nguo zilizokwisha kukauka.

Kitufe cha msiba walikiomba wanachama wenyewe. Huku akifa mtu, jembe linalazwa. Ukionekana shambani jirani yako hajazikwa, watu hawasemi kitu, wanangoja siku yako. Kwa hiyo kituo lazima kifungwe, gari la maziwa lipitie kwingine, na kila mtu aarifiwe mapema asije akabeba ndoo hadi barabarani bure. Ujumbe ulikwenda kwa mwanachama na pia kwa mtu wake wa karibu, kwa kuwa wazee wengi simu zao hulala kwenye chaji kama ya Mzee Ambakisye.

Wazo zuri. Ubovu ulikuwa ndani. Isakwisa aliandika programu ile haraka, enzi kituo kilikuwa kimoja, na kila kipande alikifundisha kujitafutia mahitaji yake chenyewe. Kipande cha msiba kilikwenda chenyewe kwenye orodha halisi ya wanachama, kikakimbia chenyewe kwa tarishi halisi, yaani kipande kinachotuma ujumbe kwenye simu za watu, na katikati hapakuwa na mahali pa kumshika mkono. Huo ndio mafundi wanaouita msimbo tuli, mambo yamefungwa palepale yalipozaliwa. Ukitaka kujaribu msiba, huna orodha ya bandia. Programu inakataa jina lisilo la mwanachama. Na huna tarishi wa bandia. Aliyepo ni huyohuyo mmoja, naye hajui mzaha.

Suad alikuwa ameyasema haya kwa miezi. "Tuifumue, tuipange upya."

Isakwisa jibu lake lilikuwa moja: "Kinachotembea usikiguse. Tukiifungua hii itatuangukia."

Asubuhi ile Suad alikuwa akiandaa kituo kipya cha Isongole. Alizima utumaji wa ujumbe mahali alipopajua. Kipande cha msiba hakikuwa kikipita mahali hapo. Kilikuwa na njia yake ya panya.

Habari ilimfikia kupitia pazia la duka. Mteja wa baba yake, mama wa Mpuguso aliyekuja kupimwa gauni la kipaimara cha mwanawe, alisoma simu yake, akashika kichwa. "Jamani, Ambakisye! Jana tu nimemwona kituoni!"

Kikombe kilimponyoka Suad. Isakwisa alikuwa tayari amekwisha kuona kwenye kioo cha kompyuta yake, rangi imemtoka. "Tuma mwingine," alisema. "Tuma sasa hivi, ukanushe."

"Kwa programu hii?" Suad alimjibu. "Nikibonyeza tena nitamuua nani?"

Hafidhi alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyakata kwa mkasi mkali. "Nikikosea kanzu, mwanangu, nafumua. Wewe umemshonea mtu sanda," alisema. "Msiba haukanushwi kwa simu. Nenda mwenyewe, ukasimame mbele ya watu."

Akaenda kwa bodaboda, mvua nyembamba ikimpiga usoni, mtandio umemganda kichwani. Njia nzima walikuwa wakiwapita watu. Wanawake wenye kuni kichwani, wanaume wenye mikungu ya ndizi mabegani, wengine wamebeba masufuria makubwa ya kanisa yaliyofungwa khanga. Dereva aliuliza kama wanakwenda msibani. Suad alimwambia aongeze mwendo.

Alifika wakati mbaya kuliko wote. Ua umejaa, ndani sauti ya mke wa mzee, Mama Esnath, inalia kwa namna ambayo mtu akiisikia hataki kuisikia mara ya pili. Na kutoka bondeni, kwenye njia ya migombani, Mzee Ambakisye alikuwa anapanda na mzigo wa majani begani.

Aliona umati nyumbani kwake. Akaona kuni. Mtu wa huku hahitaji kuambiwa umati wenye kuni una maana gani. Mzigo ukaanguka, na mzee wa umri ule akaanza kukimbia, anamwita mkewe, "Esnath! Gwe Esnath!" kwa sababu alikuwa amejihesabu yeye, akajikuta mzima, na aliyebaki wa kufa katika nyumba ile alikuwa mmoja.

Wanawake walipiga mayowe wakatawanyika. Mama Esnath akatokea mlangoni, khanga imeshuka, uso umevimba. Wakasimama pale wawili wanatazamana, kila mmoja akimtazama maiti wake. Kisha mama akamshika mume wake masikio yote mawili, kwa nguvu, kama anayehakikisha kwamba yameshikana na kichwa. Wakaketi chini kwenye tope. Suad aliona yote hayo kwa macho yake.

Angeweza kurudi. Hakuna aliyemjua pale. Alisukuma watu, akaenda akapiga magoti mbele ya wale wazee. "Shikamooni. Naitwa Suad, binti wa Hafidhi wa Msasani. Ujumbe nimeutuma mimi. Nilikuwa najaribu mtambo wa ushirika. Naomba mnisamehe."

Mzee aliinamisha uso karibu na wa Suad. "Ni wewe umeniua?"

"Ndiyo, baba. Ni mimi."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, baba. Jina lako linaanza na A."

Mzee Ambakisye aliwageukia watu, akarudi kumtazama, na kicheko kikaanza kumpanda kutoka mbali, hadi akashika mbavu. "Mnamsikia? Nimekufa kwa herufi!" Watu wakacheka, wengine bado wanafuta machozi, na mtu mmoja nyuma akasema kwamba Andongwisye naye ajiangalie, yuko karibu sana hapo juu kwenye orodha. Lakini Mama Esnath hakucheka. Na wakati watu wanacheka, mtu mmoja alikuwa garini, anatoka Mbeya mjini, hajaambiwa na yeyote.

Sasa zikabaki zile kuni. Nani abebe kuni za msiba kurudi nazo nyumbani? Na ndizi? Mama Tupokigwe, mwenyekiti wa ushirika, ambaye kwenye shughuli zote za Mpuguso ndiye mkuu wa jiko, alikunja mikono ya sweta akasema, "Tupike. Marehemu atakula na sisi." Akamtazama Suad. "Na wewe kaa pale umenye ndizi."

Suad alimenya hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Na akimenya alikuwa akimtazama Mama Tupokigwe. Mama yule hakuwa akiondoka kwenye mafiga. Alisema "Maji!" na maji yakaletwa. Alisema "Kuni!" na kuni zikaletwa. Hakuuliza yametoka kisima gani wala ni mtoto wa nani aliyezibeba. Moja ya ndoo ilikuwa ya bomba, nyingine ya kijito, na kwake zote zilikuwa maji. Mzee mmoja kando ya lango ndiye aliyekuwa akipokea kila kinacholetwa na kukielekeza jikoni. Mpishi akianza kukimbilia kisimani mwenyewe, chungu kitaungua, na siku kisima kikikauka hakuna atakayekula.

Suad aliacha kumenya. Miezi mingapi alikuwa akijaribu kumweleza Isakwisa na kamati, akitumia maneno ya vitabuni ambayo hata yeye yalimchosha? Programu yao ilikuwa jiko ambalo kila mpishi ana njia yake ya kisimani.

Doreen alifika alasiri. Ni binti pekee wa Mzee Ambakisye, mwalimu wa shule ya msingi, na chaki ilikuwa bado kwenye mikono ya sweta lake. Alimkuta baba yake anakula ndizi. Hakupiga kelele. Alikwenda akaweka paji la uso kwenye bega la baba yake, akakaa hivyo hadi chakula kikapoa. Alipoonyeshwa Suad, alimwendea.

"Nilikuwa nafundisha," alisema. "Nimeusoma ule ujumbe mbele ya watoto. Watoto ndio walionikalisha chini." Akatoa simu, akamwonyesha. Maneno yalikuwa pale, yana adabu, yana hata alama zake zote za nukta. "Baba nimemkuta mzima, nashukuru. Lakini hii siwezi kuifuta. Nikiishika tu, mkono unatetemeka."

Suad alisema pole, na pole ilikuwa ndogo.

Mama Tupokigwe alitoa hukumu palepale jikoni, mwiko mkononi. Mtambo upokee maziwa tu. Usitume neno hata moja kwa mtu yeyote, hata la kukanusha, mpaka kamati ikae mwisho wa mwezi. "Siku hiyo utatuonyesha kwamba hauwezi kutuulia mtu tena. Ukishindwa, tunauzima. Tutarudi kugonga chuma kituoni kama zamani. Chuma hakijawahi kumzika mtu mzima."

Suad alijua maana yake. Ushirika ukiuzima mtambo, meza zile mbili za Msasani zimekwisha, na yeye atapanda basi la Dar kama wote waliomwambia tangu mwanzo kwamba Tukuyu ni pa kulima chai na viazi tu. Lakini alijua pia dawa. Alijibu, "Nitawaonyesha, mama," na alisema hivyo kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe.

Isakwisa alimpokea na uso wa mfiwa. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeiandika."

"Uliiandikia kituo kimoja, na kituo kimoja kilikwenda vizuri. Sasa vuta kiti."

Akamweleza jiko la Mama Tupokigwe. Isakwisa amekulia Mpuguso, amebeba kuni za misiba tangu ana meno ya utotoni. Alisikiliza, akakuna kidevu. "Kwa hiyo kipande cha msiba kisimjue tarishi."

"Kijue tu kwamba ataletwa mtu anayepokea ujumbe na kuufikisha. Ni nani, si kazi yake."

"Na anayeleta?"

"Mzee wa langoni. Mahali pamoja tu, programu inapoamka. Pale ndipo tunaposema leo jiko lipewe tarishi wa kweli, au lipewe wa bandia anayeandika kwenye kioo na kunyamaza."

"Na orodha ya wanachama vilevile?"

"Vilevile. Na saa pia. Si unakumbuka tulivyokuwa tunangoja jioni ifike ndipo tujaribu taarifa ya jioni? Tutaipa saa tunayotaka sisi."

Isakwisa alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa amengoja jioni nyingi sana kwenye chumba kile.

Hawakuivunja yote kwa mkupuo. Maziwa hayangoji, ng'ombe hajui kwamba kuna ukarabati. Walitoa kipande kimoja, wakakipa mlango wake, wakakijaribu, wakakirudisha kazini, ndipo wakaenda kwenye kingine. Tarishi akawa huduma inayojitegemea. Orodha ikawa huduma yake. Upimaji wa maziwa ukawa wake, na njia za gari zikawa zake. Kila kimoja kilitamka mlangoni kinahitaji nini, kikangoja kiletewe. Kituo cha Isongole, ambacho kwa mtindo wa zamani kingetaka wiki nzima ya kunakili na kubandika, kilisimama mchana mmoja. Walikipa mizani yake, orodha yake na njia yake ya gari, kikawa tayari kungoja neno la kamati. Isakwisa alikaa anakitazama kama mtu aliyezoea mzigo kichwani, ukashushwa, shingo ikawa haijui ifanye nini.

Kisha Suad akafanya jambo lililomtoa mwenzake jasho. Ile njia ya zamani ya kumfikia tarishi moja kwa moja, aliifuta.

"Tungeiacha tu," Isakwisa alisema. "Hakuna anayeitumia tena."

"Hata siku ile nilidhani hakuna."

Alifunga mlango wa zamani, akaiamuru kompyuta iijenge programu upya, wakangoja kuona nani atagonga. Kompyuta ikagoma. Kuna mahali palikuwa bado panaita njia ile. Isakwisa aliinama kwenye kioo, akasoma, akajipiga paji. Lilikuwa tangazo la sikukuu, kipande alichokiandika mwenyewe na kukisahau, kimejificha kinangoja Krismasi. Kingefika siku yake kingetoa salamu za sikukuu kwa watu wote wa wilaya kila mara mtu anapofanya jaribio.

"Kingetuumbua," alisema.

"Kirekebishe wewe," Suad alimwambia, akampisha kiti. Alikirekebisha, wakaamuru tena, na safari hii hakuna aliyegonga. Hafidhi aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia alizungusha cherehani yake kwa kasi kidogo. Kwa watu wanaomjua, hayo ni makofi.

Kamati ilikaa kwenye jengo la ushirika Mpuguso, chumba chenye harufu ya maziwa na sabuni. Wajumbe walijaa, na wasio wajumbe walijaa zaidi madirishani, kwa sababu si kila siku mtu huenda kumtazama muuaji akijitetea. Mzee Ambakisye alikaa mbele amevaa koti lake la kanisani. Mama Esnath hakuja. Alisema atamngojea nyumbani, na kwamba safari hii wakimwambia chochote hatasadiki. Doreen alikuja. Alikaa pembeni ya baba yake, simu magotini.

Suad alieleza. Hakugusa hata neno moja la kitabuni. Alisimulia jiko na kisima na mzee wa langoni, na akina mama wa madirishani wakaanza kuitikia wao kwa wao, kwamba hivyo ndivyo, mpishi haendi kisimani, nani hajui hilo? Mama Tupokigwe alijaribu kuficha kwamba amefurahi kuwa mfano, akashindwa.

"Maneno matamu," alisema hata hivyo. "Chuma nacho kina sauti tamu. Tuonyeshe."

Suad alikuwa ameandaa jaribio lenye wanachama wa kubuni, wote wenye majina yasiyo ya mtu yeyote wa wilaya ya Rungwe. Aliinamia kompyuta. Mzee Ambakisye akanyoosha mkono.

"Hapana, binti Hafidhi. Watu wa kubuni hawana wajane. Niue mimi."

Chumba kikavuta pumzi. "Baba!" Doreen alisema.

"Tulia, mwanangu. Huyu aliniua bila kutaka, sasa aniue kwa kutaka, tuone." Akamgeukia Suad. Macho yalikuwa yanacheka, ila si yote. "Kile kitufe kilekile na jina langu. Na simu zote ziwekwe hapa mezani."

Simu zikaja, moja juu ya nyingine, nyingine zimefungwa kwa mpira, nyingine kioo kimepasuka. Doreen alikuwa wa mwisho. Aliiweka yake ukingoni, karibu na mkono wa Suad. "Hii ikilia," alisema taratibu, "usinitafute tena maishani mwako."

Isakwisa, aliyekuwa amesimama ukutani, alifumba macho. Suad hakufumba. Alirudisha orodha halisi ya wanachama, akasoma mlangoni mwa programu nani ameletwa leo kutuma, akaona ni tarishi wa bandia, akasoma tena. Alijua kila kipande kimekaa wapi na kinapewa nini na nani, kama mama anavyojua makabati yake gizani. Akachagua jina la kwanza kwenye orodha, akabonyeza.

Mvua juu ya bati. Mtu mmoja dirishani akakohoa, akatazamwa vibaya. Rundo la simu mezani lilikaa kama rundo la mawe. Walingoja, wakazidi kungoja, na hakuna hata moja iliyotikisika.

Suad aligeuza kompyuta ili mzee aone. Ujumbe ulikuwa pale kwenye kioo, wote, na chini yake maneno ya tarishi wa bandia: "Haukutumwa kwa mtu yeyote." Mzee Ambakisye alivaa miwani, akasoma kifo chake kwa sauti, polepole, hadi mwisho. Akavua miwani.

"Nimekufa vizuri," alisema. "Hakuna aliyesumbuliwa."

Kicheko kikavunja chumba. Watu walianza kunyoosha mikono kuchukua simu zao, na Mama Tupokigwe alikuwa amekwisha kufungua kinywa aseme neno la kamati, Suad aliposema, "Bado, mama. Naomba jambo moja."

"Lipi?"

"Mlinizuia kukanusha. Mpaka leo, kwenye simu za Mpuguso, Mzee Ambakisye ni marehemu. Naomba ruhusa ya kutuma neno moja la kweli."

Mama Tupokigwe aliwatazama wenzake, kisha Doreen, ambaye alikuwa hamtazami mtu. Akaitikia kwa kichwa.

Suad alibadilisha mstari mmoja, pale langoni, akamleta tarishi wa kweli. Vipande vingine vyote havikujua kama kuna kilichobadilika. Akaandika, akampisha mzee asome kabla, na mzee akasema sawa, isipokuwa aongeze jambo la ndama. Akaongeza. Akabonyeza.

Meza ilinguruma. Simu zote zililia kwa pamoja, kila moja na wimbo wake, zikagongana zikasogea, moja ikaanguka chini ikaendelea kulia hukohuko. Nje nako zililia, mifukoni mwa watu wa madirishani, na mbali zaidi, kwenye nyumba za jirani. Ujumbe ulisema: "Ushirika wa Lukama unafurahi kutangaza kwamba Mzee Ambakisye yu hai, na ng'ombe wake mwekundu amezaa. Kituo kitakuwa wazi kesho. Leteni maziwa."

Kutoka upande wa nyumbani kwa mzee, bonde zima lilisikia vigelegele vya mwanamke mmoja. Mama Esnath alikuwa amesadiki.

Doreen alichukua simu yake ukingoni mwa meza. Alisoma mara moja, akasoma tena, midomo ikicheza. Kisha akapandisha juu kidogo, kwenye ule ujumbe mwingine, akaushika kwa kidole. Suad alimwona. Mkono haukutetemeka. Aliufuta, akaiweka simu mfukoni, akamgeukia.

"Kituo cha Isongole kinaanza lini?" aliuliza. "Mama mkubwa yuko kule, ana ng'ombe wawili. Mwandike, na mimi uniweke kuwa mtu wake wa karibu."